Viatu vya Valize na Mbao za Mama Desideria

Juma la matanga ya Mama Desideria niliingia jikoni kwake kutafuta chumvi, nikakuta mujukuu wake anataka kuwasha mbabula, jiko la makaa, kwa mbao ambazo nilizijua. Vilikuwa vipande vitano vya kalitusi, kimoja unene wa kidole, kingine wa vidole viwili, hivyo kupanda mpaka vitano, na juu vilikuwa vimelainika kabisa sababu ya visigino vya wanawake wengi. Cha kidole kimoja kilikuwa kimekwisha kushika moto pembeni. Nilikitoa kwa mukono, nikakizima ndani ya maji ya kuoshea sahani, nikamwuliza huyo binti kama anajua anachoma nini. Akasema, "Si kuni tu, koko?" Koko ndiyo bibi kwa lugha yetu. Nilikaa juu ya kiti kidogo cha jikoni na mbao zile mapajani, na chumvi nikaisahau. Watu wa matanga walikula maharagi bila chumvi muchana ule, waniwie radhi.

Sitaandika habari za kwetu Rutshuru. Ni mashamba, ni ng'ombe za watu, ni risasi. Mwenye kutoka huko anajua, na asiyetoka huko amekwisha kuambiwa na wengine. Wala mwaka sitautaja. Hapa Goma ukisema mwaka wa vita watu wanakuuliza vita gani, na ukisema mwaka wa wakimbizi wanakuuliza wakimbizi wa wapi. Mimi ninauita mwaka wa valize. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa. Hema za plastiki zilikuwa zimefuata barabara ya kaskazini mpaka mahali macho yanachoka, na mimi sikulala ndani ya hema kwa sababu moja tu: Mama Desideria alinikuta kwenye bomba la parokia na bido, dumu la maji, kichwani. Uso wangu hakuutazama. Alitazama miguu, nikipanda na kushuka kwenye makoro, yale mawe meusi makali ambayo mulima wetu wa moto ulitumwagia zamani. Akaniuliza ninakaa kwa nani. Nikamwambia sikai kwa mutu. Akasema nimufuate. Kuna wanaookolewa na sura yao, kuna wanaookolewa na masomo. Mimi niliokolewa na nyayo, na sioni haya kuandika hivyo.

Nyumba yake ilikuwa Katindo, si mbali na kambi ya askari, nyumba ya mbao iliyopakwa rangi nyeusi ya kuzuia mvua. Sebule ilikuwa ndogo, sakafu ya simenti aliyoisugua mwenyewe kila asubuhi kwa jiwe mpaka inang'aa. Mulikuwa kiti kimoja cha kuegemea ambacho hakukikalia kamwe, sanamu ya Bikira Maria, mukeka, na chini ya dirisha mbao tano zimepangwa kama vile wasomi wanapanga vitabu. Kazi yake ilikuwa kufundisha wachumba kutembea. Msicheke. Mwenye ameona ndoa yetu anajua kwamba bibi harusi haingii kanisani kama mutu anayeenda kununua unga. Anaingia kwa kucheza, hatua mbili mbele, moja nyuma, kutoka mulangoni mpaka altareni wimbo muzima, na macho ya familia mbili yanamungojea aanguke. Na anafanya hivyo juu ya talo, viatu vya kisigino kirefu ambavyo labda amevivaa mara tatu tangu azaliwe. Wasichana wa Goma walikuwa na desturi, na bado wanayo, ya kwenda misa na kambambili, ndara za mupira, miguuni na viatu vizuri ndani ya sashe ya plastiki, halafu wanabadilisha mulangoni mwa kanisa wakishikana mabega. Mama Desideria hakupenda desturi ile. Alisema kiatu ambacho unakibeba ni muzigo, na muzigo unavaliwa kichwani.

Alipima hivi. Msichana anasimama pekupeku, vidole vya mbele chini kwenye simenti, visigino juu ya ubao wa kidole kimoja, na bido ya maji kichwani, sababu alisema mwanamuke wa hapa hatembei mikono mitupu hata siku ya ndoa, anabeba wakwe. Yeye anakaa chini pembeni, anatazama magoti. Halafu ubao wa vidole viwili. Halafu vitatu. Magoti yanaanza kukunjika kidogo, tumbo linakuja mbele, matako yanakwenda nyuma, na mwisho kidevu kinapanda kama cha mutu aliyetukanwa. Pale magoti yanapokunjika ndipo anasema basi, anakurudisha ubao mumoja chini, na hapo ndipo kwako. Hapakuwa na kubembeleza. Binti wa mukubwa mumoja wa douane, wale wa ushuru wa mupaka, alikuja anataka vitano, akapewa kimoja, akalia machozi mpaka kwenye shingo. Mama Desideria alimungojea amalize, akamwambia, "Lia, lakini ukiwa umesimama. Nataka kuona kama magoti yanatulia." Mimi nilipimwa siku ya pili ya kufika kwake. Kwangu ni vidole viwili. Tangu siku ile sijavaa kitu kingine, na niko na miaka ambayo wenzangu wengi wanatembea na fimbo.

Lakini urefu kwake ulikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa muguu wenyewe. Alikuwa na kipande cha jani la mugomba, chembamba, anakipitisha chini ya kisigino chako ukiwa umechuchumaa kama mutu anayechagua muchele. Jani likipita bila kuguswa, kisigino hakifiki chini, maana yake ule mushipa wa nyuma, unaotoka kisiginoni kupanda kwenye shavu la muguu, umekuwa mufupi, na mwenye huo muguu amekaa juu ya talo miaka mingi kuliko inavyofaa. Mushipa kama huo, alisema, haukatwi wala haupigwi sindano, unaombwa kila siku. Basi kila jioni mbele ya chakula tulikaa kwenye mukeka na ungo wa maharagi katikati, na tulichagua maharagi kwa vidole vya miguu. Kila mumoja na sahani yake. Mabaya kushoto, mazuri kulia. Juma la kwanza nilikuwa ninamwaga zaidi ya ninavyochagua. Mwezi wa pili niliweza kutoa jiwe moja katikati ya mbegu. Mugeni akikuta tunafanya hivyo alikuwa anaangalia sufuria kwa woga, na Mama Desideria alikuwa anamwambia kwa uso mukavu kwamba tumenawa miguu kuliko yeye alivyonawa mikono. Baadaye tulisimama kwenye kizingiti cha mulango, nusu ya muguu hewani, tukashusha visigino polepole, tukavipandisha, huku sombe ya majani ya muhogo inachemka na sambaza, samaki wadogo wa ziwa, zinakauka juu ya mbabula, na kupitia ukuta wa mbao tunasikia wanawake wa jirani wanasema habari za siku. Nilijua mambo ya vita yote kwa njia hiyo, nikiwa nimesimama kwenye kizingiti: nani amerudi kutoka barabara ya Rutshuru bila mizigo, askari gani wameanza kuuza masanduku yao, familia gani imepeleka watoto Bukavu. Walisema kwa sauti ndogo, halafu walicheka jambo lingine. Mama Desideria hakuchangia. Siku moja tu aliniambia, akinishikilia kifundo cha muguu na mafuta ya mawese mikononi, kwamba watu wanafikiri anafundisha mabinti kuingia kanisani. Akasema, "Kuingia kanisani ni hatua makumi matano. Mimi nawaza ile njia ingine, siku ya kukimbia."

Sasa nije kwa valize. Janvier alikuwa fundi wa redio, kijana mutulivu, alinipenda sababu nilimuletea redio ya Mama Desideria nikasubiri bila kuongea. Alikuwa mutoto wa pekee wa mama mujane, Mama Janvier, ambaye Katindo nzima ilimujua kwa mulio wake: ko, ko, ko, juu ya simenti, juu ya mawe, sokoni, kila siku na kila saa juu ya talo. Mimi nilimwogopa na nilimustaajabia pamoja. Alikuwa muzuri sana, murefu, kikwembe kimefungwa bila kunjo, na hata kwenye tope la soko nilimuona anachagua mahali pa kukanyaga kama mutu anayesoma. Hakunitaka. Hakuficha. Alisema mbele yangu kwamba mutoto wake ametoka kutafuta muke akarudi na mukulima. Lakini mahari ilikuwa imekwisha kuongewa na wazee, na kwa desturi yetu upande wa mwanaume unaleta valize, sanduku la bibi harusi: vikwembe, mafuta, nguo za ndani, na viatu ambavyo lazima avivae siku ya ndoa, ili watu waone kwamba nyumba anayoingia inaweza kumuvalisha. Mama Janvier alileta valize mwenyewe. Viatu vilikuwa vyeupe, vya ngozi ya kweli, kisigino vidole vitano, chembamba kama musumari. Alikuwa amevinunua kwa kuvijaribu kwenye miguu yake mwenyewe. Ya kwangu hakuuliza. Vilinibana mbele na kuniacha nyuma, sababu muguu wa shamba ni mupana na mufupi, na wake ulikuwa mwembamba na murefu.

Juma tatu zilikuwa zimebaki. Mama Desideria alinisimamisha juu ya ubao wa tano, akatazama magoti yangu, akavifunga viatu ndani ya gazeti, tukaenda kwa Muzee Anakleti. Huyu alikuwa mukimbizi aliyevuka mupaka na sanduku la vifaa tu, alishona viatu kwenye ukuta wa parokia, sindano mudomoni, mipira ya gari imerundikana pembeni. Mama Desideria alimwambia akate visigino vifike vidole viwili. Muzee alikigeuza kiatu, akakiweka juu ya goti, akabonyeza katikati kwa kidole gumba. Alieleza kwamba ndani ya kiatu kama kile muna chuma, na kile chuma kimekunjwa kwa kipimo cha kisigino. Ukikata kidole kimoja, sawa. Ukizidisha, pua ya kiatu itainuka, na mwenye kukivaa atakuwa anayumba. Wawili wale walibishana karibu saa nzima, kwa heshima, wakiitana muzee na mama kila neno, na hakuna aliyekubali kushuka. Mwishoni walikutana kwenye vidole vitatu, muzee akinung'unika, mama akisema anajua kazi yake. Muzee alikata. Nilivivaa pale pale. Pua ziliinuka kama alivyosema, na nilipotua muguu kiatu kiliviringika mbele chenyewe. Mama Desideria alinitazama nikitembea hatua tano, akasema mbele ya Muzee Anakleti na watu wawili waliongojea viatu vyao, "Ni kosa langu. Muzee alisema." Katika maisha yangu nimeona watu wengi wenye kujua kazi. Mwenye kujua kazi na kusema neno lile mbele ya watu, nimeona mumoja.

Habari ikamufikia Mama Janvier, sababu ndani ya Katindo habari haichelewi. Alikuja siku ya jumanne, ko, ko, ko, akakalia kile kiti kimoja, akaomba kuona viatu. Alivishika mukononi muda murefu. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake kama inavyotakiwa, na nilikuwa ninaona miguu yake kwa karibu mara ya kwanza: vidole vimepandana, mufupa wa pembeni umetoka kama kitunguu, na kisigino kidogo, kikavu, kama kitu kisichotumika. Mama Desideria alisema kwamba kosa ni lake, si la mutoto. Mama Janvier hakumujibu yeye. Aliniambia mimi, "Zawadi ya nyumba yangu unaikata na kisu?" Nikasema, "Nisamehe, mama." Akasema, "Kesho utakata nini?" Alisimama, akasema ndoa haipo tena, Janvier akirudi kutoka Bukavu alikokwenda kutafuta vipuri ataambiwa, na valize atatuma mutu aichukue, vitu vyote ndani, na viatu vile ndani ili wazee waone. Akaenda. Tulisikia mulio wake mpaka kwenye kona. Nilibaki juu ya magoti. Sikulia kwa sababu ya Janvier, niseme ukweli. Nililia sababu bila ndoa ile nilikuwa tena binti wa kwenye bomba, na hema zilikuwa pale barabarani zinaonekana. Mama Desideria aliniletea ungo wa maharagi. Akaniambia nichague, mikono au miguu, ninavyotaka.

Mutu wa kuchukua valize hakufika, sababu vita ilifika mbele yake. Ilikuwa alhamisi, asubuhi, chai iko mezani. Mabomu yalianza upande wa uwanja wa ndege, halafu askari wa kambi walianza kupita mbio wakivua mashati ya kazi, na tulipowaona wale wanavua nguo hatukuhitaji redio. Watu wote wa katié, ule mutaa wetu, walielekea barabara ya Sake, upande wa jua kuzama. Mama Desideria alichukua sufuria, chumvi, kikwembe, na ubao wa vidole viwili, usiniulize kwa nini ule. Nilipofunga mukeka wangu alinionyesha valize. Nilifikiri anatania. Alisema ile ni valize ya watu, wamesema wanaitaka, na haitasemwa ndani ya Katindo kwamba binti aliyelala kwake amekimbia na vitu vya ndoa iliyovunjika. Basi niliikimbia vita na valize nyekundu ya bibi harusi kichwani, ndani viatu vilivyoharibika, na watu waliokimbia pamoja nasi walipata nguvu ya kunicheka. Mumoja aliniuliza kama bwana harusi yuko mbele au nyuma.

Tulimukuta Mama Janvier mbele ya kufika Mugunga. Alikuwa amekaa juu ya koro pembeni ya barabara, mugongo umenyooka, kikwembe bila kunjo, na watu wanapita mbele yake kama maji. Talo moja ilikuwa imevunjika. Alikuwa amejaribu kambambili alizopewa na mutu, zikamushinda. Alikuwa amejaribu pekupeku. Alisimama alipotuona, na niliona jambo ambalo sikulijua kwamba linaweza kumupata mutu muzima: pekupeku alisimama juu ya vidole. Visigino vyake havikufika chini. Miaka ishirini na tano ya kutembea juu ilikuwa imevuta ile mishipa mpaka ardhi ikawa mbali naye. Kila akijaribu kukanyaga muguu wote uso wake uligeuka majivu. Nyuma yetu milio ilikuwa inakaribia. Na neno la kwanza alilosema, akitazama kichwa changu, lilikuwa hili: "Unaenda wapi na valize yangu?"

Nikamwambia, "Ninakuletea, mama."

Niseme pia kwamba nilitaka kuiweka chini na kuendelea. Nina haki ya kuandika kitabu hiki kama nitaandika na hilo. Ni Mama Desideria aliyesimama, akapiga goti katikati ya barabara watu wakimuruka, akachukua muguu wa Mama Janvier mikononi mwake, akaukunja, akaunyoosha, akapima kwa macho. Akasema bila kugeuka, "Vitatu. Huyu ni vitatu. Fungua." Nikafungua valize. Viatu vile vyeupe viliingia kwenye miguu ile kama ilivyotakiwa, maana vilinunuliwa kwa miguu ile. Kutoka vitano kushuka vitatu mushipa ulilia lakini ulikubali, wakati kushuka mpaka chini ulikataa. Na ile pua iliyoinuka, ile iliyoniyumbisha mimi, ilimufanyia kazi: muguu wake usiokunjika tena haukuhitaji kukunjika, kiatu chenyewe kiliviringika mbele, hatua kwa hatua. Mama Desideria aliona hilo wakati mumoja na mimi. Hakutabasamu, haikuwa siku ya kutabasamu, lakini nilimuona anatikisa kichwa kama mutu aliyepata funguo ndani ya mufuko alioutafuta mara tatu.

Tulitembea siku ile mpaka Sake. Mama Desideria alikuwa mbele yake, anamufundisha huku anatembea: hatua fupi, usitupe muguu, goti lilegee, macho yasiangalie karibu. Kila baada ya mwendo kidogo alimusimamisha kwenye jiwe, ubao ule wa vidole viwili chini ya visigino, mpaka ahesabu thelathini, hata watu walipotutukana kwamba tunaziba njia. Mama Janvier hakulalamika. Hilo ninamupa, na ninamupa lote. Nimekimbia vita nne sasa na nimesikia watu wazito wakilia kwa malengelenge. Yeye alikanyaga ile njia yote ya mawe na kidevu sawa, na alipochoka sana alishika kikwembe changu nyuma, kama mutoto anavyoshika. Valize ilibaki kichwani mwangu. Hakuna aliyesema niiweke.

Sake tulilala ndani ya darasa, familia saba, na ubao mweusi bado una hesabu za watoto. Tulikula viazi vitamu vya kuchemsha asubuhi na jioni, na siku parokia ilipogawa maharagi Mama Desideria aliyamwaga kwenye kipande cha hema, akakaa, akavua viatu, akaanza kuchagua na miguu. Watoto wa familia zingine walikusanyika. Mama Janvier alimutazama siku mbili. Siku ya tatu alisogea, akavua vile viatu vyeupe ambavyo havikuwa vyeupe tena, akaweka muguu wake ule ulioharibika katikati ya maharagi. Vidole havikusonga hata kimoja. Mutoto mudogo wa Masisi alimwambia, "Koko, vidole vyako vimelala." Yeye akamujibu, "Ndiyo. Naviamsha." Na watu wote walicheka, na yeye pia alicheka, mara ya kwanza ninamusikia.

Tuliporudi Goma baada ya juma tatu Janvier alikuwa amefika mbele yetu kwa mashua kutoka Bukavu, amekaa kwenye mulango wa nyumba ya mama yake iliyoporwa, hajui kama ana mama. Alimuona anakuja kutoka kona na hakumutambua sababu hakusikia mulio. Nilikuwa nyuma na valize. Mama Janvier aliingia, akatazama sebule tupu, akaonyesha mahali pa kuweka valize, ndani, kando ya ukuta. Halafu akaniambia nipike chai kama kuna kitu cha kupikia. Ni hivyo nilivyojua kwamba ndoa imerudi. Hakutamka zaidi, na mimi sikuuliza. Mutu akikufungulia mulango usianze kuuchunguza. Ndoa ilifanyika kanisani mwezi uliofuata bila keki na bila muziki wa kukodi. Niliingia na viatu vya Mama Desideria mwenyewe, vyeusi, vidole viwili, hatua mbili mbele, moja nyuma, na sikuyumba. Mama mukwe aliketi mbele na viatu vya valize miguuni, vimepakwa rangi na Muzee Anakleti, pua zimeinuka. Nilisikia anamwambia shangazi wa Janvier kwamba urefu ule ni yeye aliuchagua.

Tangu ndoa mpaka mwisho wa mwaka, kila jioni mbele ya chakula, alikuja kwa Mama Desideria. Sikumuita mimi. Alikaa kwenye mukeka, si kwenye kiti. Mafuta ya mawese, maharagi, kizingiti, ubao wa tatu, halafu wa pili, halafu wa kwanza, ule ambao juzi nilitoa kwenye moto. Nilipokwenda kuwasalimia niliwakuta wanawake wawili wazima wamesimama kwenye mulango wameshikana mabega, nusu ya miguu hewani, wanashuka na kupanda, wanasema mambo ya bei ya unga. Wakati mwingine alitoka pale anatetemeka magoti, na kesho yake alirudi. Nimesikia watu wanasifu wanaume waliobeba bunduki mwaka ule. Mimi ninasifu mama mukwe wangu, ambaye katika umri wa miaka hamsini aliomba mishipa yake msamaha kila siku, mbele ya watu aliowadharau.

Siku moja kabla ya Noeli nilikuwa ninapepeta unga nyuma ya nyumba ya Mama Desideria, mama mukwe akaniita kwa jina. Kahindo. Mbele ya hapo alikuwa ananiita "wewe". Niliingia na unga mikononi. Alikuwa amesimama pekupeku katikati ya simenti ya Mama Desideria, kikwembe amekivuta juu kidogo, na Mama Desideria amekaa pembeni anatazama magoti. Halafu akachuchumaa, polepole, mikono mbele, kama mutu anayechagua muchele. Hakunitazama. Akasema, "Leta jani."

Nilipiga magoti nyuma yake, nikalisukuma jani la mugomba chini ya kisigino cha kulia. Halikuingia, kisigino kilikuwa kimefika chini. Nikajaribu cha kushoto, na pale liliingia ncha tu. Nikangoja. Alivuta pumzi, akashuka kidogo zaidi, nikaona ngozi ile kavu inalala juu ya simenti. Akaniambia nivute. Nikavuta, na jani likakatika, kipande kimoja mukononi mwangu, kingine kikabaki chini ya kisigino chake.